Penye Miti Hapana Wajenzi?

Wahenga walisema kwamba penye miti hapana wajenzi, nasi tumeipokea methali hiyo kama tunavyopokea chenji sokoni tukiwa na haraka, yaani bila kuihesabu. Husemwa kwa masikitiko, na mara nyingine kwa kejeli, mtu anapotaka kuonyesha kwamba neema imewekwa mahali pasipo na watu wa kuitumia. Katika insha hii nataka kuihesabu chenji hiyo. Nauliza kama ni kweli kwamba penye miti hapana wajenzi, au kama wapo ila hawahesabiwi. Na kwa kuwa swali kubwa likiachwa hewani humchosha msomaji, nitalifunga kwenye kitu kimoja, ambacho wengi wetu huenda hatujakishika mikononi, lakini ambacho kina sehemu kubwa ya nchi yetu ndani yake. Kitu hicho ni zumari ya mfuko ya Waskoti.

Wenye ndugu zao Maskati wameiona katika gwaride za Oman, ambako wapigaji wake hupita hata juu ya farasi na ngamia. Wengine wameiona katika picha za sinema, ikipigwa na wanaume waliovaa sketi za mirabaraba. Ni mfuko wa ngozi, mfano wa kiriba cha maji, ambao mpigaji huubana kwapani. Huujaza pumzi kwa bomba moja, kisha mkono wake ukiukamua mfuko, pumzi hutoka kwa mabomba manne. Moja lina matundu ya vidole, nalo ndilo linaloimba. Matatu mengine huegemea begani na kuvuma kwa sauti isiyobadilika, kama wazee wanaoitikia dua. Mpiga zumari wetu wa pwani hana mfuko huo. Mashavu yake ndiyo mfuko, naye huvuta pumzi kwa pua huku akiitoa kwa mdomo ili sauti isikatike. Hila ni ile ile.

Mabomba yale yanayovuma hayakuchongwa kwa kipande kimoja. Kila moja limeundwa kwa vipande viwili au vitatu, vinavyoingiana na kukazwa kwa uzi. Kwenye maungio na kwenye ncha huwekwa pete za kuzuia mti usipasuke na za kupamba. Kwa sababu hiyo zumari kuukuu huweza kugawanyika. Pete hupotea, kipande hupasuka, na miaka mia baadaye watu huko Uskoti na Marekani hutafuta kipande kimoja au pete moja ili waikamilishe zumari ya babu yao. Hutoa fedha nyingi. Na kabla ya kutoa fedha hizo hukigeuza kipande mkononi, hukitazama kwenye mwanga, hutafuta muhuri.

Muhuri huo ni jina la fundi. Ukisoma Henderson wa Glasgow, au MacDougall wa Aberfeldy, au Glen wa Edinburgh, thamani hupanda. Watu wanaozijua zumari hizi husema kwamba Henderson zake huvuma kwa namna yake na MacDougall zake kwa namna yake, na kwamba hata pale muhuri ulipofutika, mjuzi humtambua fundi kwa umbo la pete na kwa mistari iliyokatwa na tindo. Mimi siwalaumu kwa upenzi wao huo. Fundi aliyemwacha mtu akimtambua baada ya miaka mia moja kwa mstari wa tindo amestahili kukumbukwa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na asiye mnyonge naye apewe haki yake.

Sasa tukiache kile kilichoandikwa, tuulize kuhusu mti wenyewe. Zamani sana mafundi wa Uskoti walikereza zumari zao kwa miti iliyopatikana karibu nao. Baadaye biashara ya baharini iliwaletea miti migumu zaidi, mwingine ukitoka visiwa vya Karibi. Mwishoni mwa karne ya 19, wakati mataifa ya Ulaya yalipokuwa yakigawana pwani na bara letu, uliwafikia mti mwingine mweusi, mzito kiasi kwamba ukitiwa majini huzama, usionyonya unyevu wa pumzi upesi, unaokubali keekee na kerezo bila kumeguka, na unaong'aa ukipigwa msasa. Mti huo tunaujua. Ni mpingo. Tangu wakati huo hadi leo mpingo ndio mti mkuu wa zumari za Uskoti, kama ulivyo mti mkuu wa klarineti na ala nyingine za kupulizwa duniani. Nao humea hapa kwetu, hasa Lindi, Mtwara na Ruvuma, na ng'ambo ya Ruvuma katika Msumbiji ya kaskazini.

Mpingo si mti wa kutisha kwa urefu. Ukipita porini waweza kuupita bila kuutazama mara mbili, maana shina lake aghalabu ni fupi, limejikunja, na gome lake ni la kijivu. Weusi umefichwa ndani, umezungukwa na mti mweupe wa nje. Husemwa kwamba huchukua miaka 70 hadi 100 kabla ya kufaa kupasuliwa kwa ajili ya ala, na kwa kuwa umejaa nyufa na mafundo, sehemu ndogo tu ya gogo ndiyo inayofaa. Vipande vizuri hukatwa kwa mraba, ncha zake hupakwa nta ili zisipasuke, kisha hupakiwa melini. Mti ulioota kabla ya baba zetu kuzaliwa huondoka ukiwa vijiti vinavyoweza kubebwa kwapani.

Zile pete nyeupe nazo zina habari yake. Katika zumari nyingi za kale pete hizo ni za pembe za ndovu. Siwezi kusema kila pete ilitoka wapi, lakini msomaji anajua kwamba katika karne ya 19 Unguja ilikuwa miongoni mwa masoko makubwa ya pembe duniani, na kwamba pembe hizo zilifika pwani mabegani mwa watu, wengi wao Wanyamwezi, kwa safari ya miguu ya miezi kutoka Tabora na mbali zaidi hadi Bagamoyo. Hivyo zumari moja ya kale yaweza kuwa na mti wa kusini mwetu na pembe za magharibi mwetu, pamoja na muhuri wa mtu mmoja wa Glasgow.

Hapo ndipo swali langu linapozaliwa. Nani aliyetengeneza zumari hii?

Kuna jibu moja la haraka, nalo lina nguvu. Husemwa: mti ni mti tu. Ungebaki porini ungeliwa na mchwa au ungechomwa na moto wa kiangazi. Aliyeupa umbo ndiye aliyeumba. Mkata mti alitumia shoka siku moja, na fundi alijifunza miaka mingi kutoboa tundu refu lililonyooka ndani ya mti mgumu kama chuma. Kwa nini majina yao yalingane? Nakiri kwamba ujuzi wa fundi ni mkubwa, na sitaki kuupunguza ili kumfurahisha mkata mti. Lakini jibu hilo haliwezi kusimama peke yake, kwa sababu hata huko Glasgow jina lililopigwa muhuri halikuwa la mtu aliyekereza. Henderson alifariki mapema katika karne ya 20, na jina lake likaendelea kupigwa kwenye zumari kwa miongo kadhaa. Karakana ilikuwa na mafundi wa mshahara, nao walikereza, wakatoboa na kupiga msasa chini ya jina la mtu aliyekuwa kaburini. Kwa hiyo muhuri haukuwa ukitaja mikono. Kulikuwa na mikono isiyo na jina Uskoti kama ilivyokuwapo Lindi.

Jibu la pili ni la mzaha, lakini lafaa kusikilizwa. Husemwa kwamba tukianza kutaja hatutaacha. Tutamtaja mkata mti, kisha dereva wa lori, kisha kuli wa bandarini, kisha mama aliyewapikia wote ugali, na zumari haitakuwa na nafasi ya muhuri wa watu hao. Ni kweli. Hakuna kitu chochote duniani ambacho kimetengenezwa na mtu mmoja. Kama haki ni kuandika kila jina, basi haki haiwezekani, na jambo lisilowezekana haliwezi kuwa wajibu wa mtu.

Nilikaa na swali hili muda mrefu bila kupata njia, mpaka nilipozungumza na fundi mmoja wa Gerezani. Msomaji wa Dar es Salaam anapajua Gerezani, karibu na Kariakoo, ambako mapipa na mabati chakavu hugeuka kuwa majiko, masanduku na makarai kwa nyundo na patasi, na mlio wake husikika tangu asubuhi. Nilimwuliza kwa nini haandiki jina lake kwenye majiko yake, wakati hata kiberiti kina jina la aliyekitengeneza. Alicheka. Akaniambia, "Mzee wangu, jina si la kusifiwa. Jina ni la kurudishiwa. Jiko likitoboka, mteja analirudisha kwa nani? Wakubwa zangu hapa wananijua, jirani ananijua, basi hilo ndilo jina langu. Anayenunua kwa jumla akapeleka mkoani, huyo sitaki anijue."

Maneno hayo yalinifungulia jambo. Sisi tunapofikiri juu ya jina kwenye kazi ya mikono, tunafikiri sifa tu: chanda chema huvikwa pete. Fundi yule alifikiri deni. Kuweka jina ni kusema, kikiharibika niulizeni mimi. Muhuri wa Henderson ulikuwa na thamani sokoni kwa sababu mpigaji aliyenunua zumari isiyolia sawasawa alijua mlango wa kubisha. Jina hukusanya sifa, lakini pia hukusanya lawama, na vitu viwili hivyo havitenganiki. Mwenye kutaka sifa bila lawama ni mnafiki. Na anayebebeshwa lawama bila sifa ameonewa.

Tukilitazama jambo kwa macho hayo, ukosefu wa jina la mkata mti hauwi tena suala la adabu tu. Zumari ikipasuka hurudi Glasgow. Je, mpingo uliokatwa hurudi kwa nani? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa: kwa hakuna mtu. Mti ulihesabiwa kuwa wa serikali, mkataji alikuwa na leseni au hakuwa nayo, kijiji kilicho jirani na pori kiliyaona magogo yakipita juu ya lori na vumbi likibaki. Mkataji alilipwa ujira wake, na hapo uhusiano wake na mti ukaisha. Hakuna aliyemwuliza kama alibakiza mche. Mtu asiyehesabiwa katika kazi hahesabiwi katika madhara yake pia, na hivyo kila mkono uliopita juu ya mti ule ulikuwa huru kuusahau. Hasara ya kutokuwa na jina haikumwangukia mkataji peke yake. Iliangukia msitu.

Naomba msomaji asidhani kwamba hili ni la mpingo tu. Sisi wakazi wa Dar es Salaam tunaishi ndani ya mfano wake. Jina la Kariakoo, tunalolitamka mara kumi kwa siku tunapotafuta daladala au bei nafuu ya kitenge, limetokana na maneno ya Kiingereza yaliyolitaja jeshi la wapagazi. Waingereza walipoutwaa mji huu mwaka 1916, wapagazi wao wa Vita Kuu ya Kwanza waliwekwa upande ule wa mji. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita ile ya Afrika Mashariki, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Ukienda hadi Barabara ya Samora, inapokutana na Mtaa wa Azikiwe, utaikuta Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927. Tunalijua jina la Mwingereza aliyeifinyanga, James Alexander Stevenson. Tunalijua jina la aliyetunga maneno yaliyoandikwa chini yake, Rudyard Kipling. Wapagazi wametajwa humo kwa jumla, bila jina hata moja. Na kwa kuwa hawakuandikwa vizuri walipokuwa hai, wengi hawakuulizwa walipokufa. Ujira wa wengi haukudaiwa, na jamaa zao hawakujua kaburi liko wapi. Hapo pia kutoandikwa kulikuwa kutodaiwa.

Lakini kabla hatujamnyoshea kidole Mskoti na Mwingereza, tujiangalie. Mpingo haukuondoka wote. Tangu miaka ya 1950 Wamakonde waliokuja Dar es Salaam kutoka Msumbiji na kutoka nyanda za Newala wameuchonga hapa hapa mjini, kwanza wakiuza kwa wafanyabiashara wa katikati ya jiji, na baadaye wengi wakakusanyika Mwenge. Hao ndio wajenzi ambao methali yetu inasema hawapo. Samaki Likankoa alianzisha mtindo wa shetani. Roberto Yakobo Sangwani anatajwa kuwa mwanzilishi wa ule wa ujamaa, wenye watu waliobebana wakipanda juu kama nguzo. Majina hayo yamehifadhiwa, tena kwa sehemu kubwa na wageni waliokuja kuandika vitabu. Ni wangapi kati yetu wenye kinyago sebuleni wanaoweza kusema nani alikichonga? Tumekinunua, tumebishana bei, tumekifunga katika gazeti, tukaondoka. Mnunuzi wa Glasgow hakumjua mkata mti wa Lindi kwa sababu bahari iliwatenganisha. Sisi tulisimama mbele ya mchongaji, hatua moja, na hatukuuliza.

Kwa hiyo methali ina ukweli, ingawa si ule tulioudhania. Penye miti wajenzi wapo. Asiyekuwapo ni mtu wa kuwahesabu, na asiyehesabiwa hatimaye hujizoesha kufanya kazi kama asiyekuwapo. Fundi yule wa Gerezani alikuwa mwaminifu kwa jirani anayemjua, na hakuona sababu ya kuwa mwaminifu kwa mteja wa mkoani asiyemjua. Simsifu kwa hilo, lakini ninamwelewa. Uaminifu hufuata jina kama kivuli.

Yapo mambo machache yanayonipa tumaini. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ilivipa vijiji njia ya kumiliki misitu yao. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi, wilayani Kilwa, vilikuwa katika kundi lililopata cheti cha kimataifa cha FSC cha utunzaji wa msitu, hata mpingo wao ukaweza kuuzwa ukijulikana umetoka msitu gani. Gogo likishaandikwa kijiji chake, kijiji kinalipwa kama mwenye mali, na pia kinaulizwa kama mwenye mali: mmekata mangapi, mmebakiza mangapi, moto nani aliuzima? Huko Kilimanjaro, Sebastian Chuwa, aliyefariki mwaka 2014, alitumia miaka mingi kuotesha miche ya mpingo na kuwafundisha watoto wa shule kuipanda, akijua kwamba hakuna hata mmoja atakaouona ukikatwa. Cheti peke yake hakiotesha mti, na karatasi yaweza kudanganya kama mdomo. Ila penye jina pana pa kuanzia kuuliza.

Na dunia imeanza kuuliza, wakati mwingine kwa ukali usiochagua. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989. Mwaka 2014 vijana wawili wa Marekani walinyang'anywa zumari zao mpakani walipokuwa wakirudi kutoka Kanada, kwa sababu ya pete za pembe zilizokuwamo, na baadaye wakarudishiwa. Mwaka 2017 mpingo na jamaa zake wote waliwekwa chini ya uangalizi wa mkataba ule ule wa viumbe walio hatarini, mpaka ala zilizokamilika zilipoachiliwa mwaka 2019. Wapigaji walilalamika, na malalamiko yao yalikuwa na haki ndani yake: wao hawakuua ndovu. Lakini mtu mwenye kurithi sauti nzuri hurithi pia habari ya ilikotoka. Deni la pete ile lilikaa kimya kwa miaka mingi, kisha likamfikia kijana asiyelijua, kwa kuwa lilipochukuliwa halikuandikwa na mtu.

Tufanye nini basi? Sidai muhuri wa zumari ya Henderson uongezwe majina ya watu wa Lindi ambao hatutawajua kamwe. Wamekufa, na kuwatungia majina ni kuwadhulumu mara ya pili. Ninadai jambo dogo lililo ndani ya uwezo wa kila msomaji. Utakaponunua kiti Keko, jiko Gerezani au kinyago Mwenge, mwulize fundi jina lake. Liandike chini ya kiti kwa penseli kama huna kingine. Kikidumu, mtaje mbele ya wageni. Kikivunjika mapema, mrudie bila matusi umwonyeshe. Atakasirika kidogo, kisha ataongeza msumari katika kile cha mteja anayefuata. Na kama atakuambia kwamba mbao hizo zilitoka msitu wa kijiji fulani, andika na hilo.